Chuma Kilichoshika Ukuta wa Holm

"Ukuta ule niliuangusha mimi," alisema Russell Larter. "Andikeni hivyo nitie sahihi, tumalize."

Inspekta Hilda Catchpole hakushika kalamu. Katika kazi yake ya upelelezi pale Norfolk alishaona watu wakikiri kwa machozi, kwa matusi, hata kwa kicheko, ila huyu alikiri kama mtu aliyechoka anayeomba aonyeshwe kitanda. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli kule Lowestoft, mrefu kupita kiasi, magoti yakigonga meza kila alipojigeuza. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu la zamani.

"Uliuangushaje?"

"Mnajua wenyewe."

"Sisi tunajua yetu. Nataka yako."

"Nimeshasema ni mimi. Sasa mnataka niimbe?"

Sajenti Dack, aliyekaa pembeni na chai yake na biskuti zake, alikohoa. Dack alikuwa mfupi, mnene, mzaliwa wa huko huko, na tangu jana alishakata kauli kwamba mtu wao ni huyu. Alimtazama mkubwa wake kwa macho yaliyosema: mtu mwenyewe anajileta, tunangoja nini?

Catchpole alingoja kwa sababu Russell alikuwa amekiri kila kitu isipokuwa kile kimoja walichokificha.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili mchana, upepo wa Novemba ukivuma kutoka baharini, sehemu ya juu ya ukuta wa kaskazini wa nyumba ya shamba la Holm iliporomoka na kumfunika mwenye nyumba, mzee Ambrose Larter, aliyekuwa amesimama chini yake. Nyumba kongwe, ukuta uliokuwa umefura kwa nje tangu enzi za babu zao, upepo mkali: kila mtu akasema ajali. Hata Catchpole alisema hivyo. Kisha mhandisi wa majengo wa halmashauri akaanza kuchokoa kifusi, akatoa humo tarakimu za chuma zilizokuwa zimepachikwa juu ya ukuta, kila moja kubwa kama sinia, zikisoma 1684, mwaka nyumba ilipojengwa. Nyuma ya ile nane kulikuwa na nondo nene. Nondo hiyo ilipenya ukuta, ikakatiza chumba cha juu, ikaenda kung'ang'ania dohani la matofali katikati ya nyumba. Ndiyo iliyokuwa ikiushika ukuta usichomoke. Na ilikuwa imekatwa kwa msumeno, tena juzijuzi, maana pale ilipokatwa palikuwa bado panameta. Kipande chake kirefu cha katikati kilikutwa nyuma ya banda la mikokoteni, kimefunikwa gunia.

Aliyekata aliziacha tarakimu ukutani zilivyo, hivyo ukisimama nje usingegundua kitu. Tangu siku hiyo neno ajali likakoma kutamkwa pale kituoni. Habari ya nondo hawakumwambia mtu yeyote wa nyumba ile, kama ilivyo desturi ya kazi: kitu kimoja huwekwa kando, na anayekijua bila kuambiwa ndiye mtu wako.

Kwa mengine yote Russell alikuwa amejikaanga mwenyewe. Ndani ya gari lake mlikuwa na msumeno wa chuma. Miaka tisa alikuwa hajasemezana na baba yake, kisa alikataa kurithi shamba akaenda kuchomelea meli. Jumapili ile alifika, wakagombana mlangoni pa jikoni, akaondoka kwa hasira, na kabla gari lake halijafika barabara kuu, ukuta ukamlalia mzee. Tena jirani aliliona gari lake la bluu kwenye geti la Holm siku ya Jumanne iliyotangulia, na Jumanne ni siku ambayo mzee na bintiye Thelma huenda mnadani kuuza ng'ombe, nyumba ikabaki tupu. Thelma mwenyewe, alipoulizwa nani alikuwa na kinyongo na marehemu, alimtaja kaka yake kabla swali halijaisha.

Asubuhi hiyo mkubwa wao wa wilaya alikuwa amepiga simu. "Mpaka jioni uwe umemfungulia mashtaka au umemwachia. Na ukimwachia, uje unieleze mwenyewe kwa nini." Mashtaka yenyewe yalikuwa ya mauaji.

"Tuanze na Jumanne," alisema Catchpole. "Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Msimamizi wako anasema uliomba ruhusa. Jino linauma."

Russell alitazama mikono yake. "Sikuwa na jino bovu."

"Ulikwenda Holm."

"Nilifika getini. Thelma alikuwa amenipigia simu, akaniambia mzee kaanguka bafuni, anazeeka, njoo Jumapili tule pamoja. Nikaona nitangulie kabla ya Jumapili, nimwone peke yake. Nikasimama getini, injini inanguruma."

"Halafu?"

"Nikageuza."

"Umetoka Lowestoft mpaka getini, ukageuza. Kwa nini?"

"Nilimwona. Yuko juu ya ngazi, mbele ya nyumba, anapaka rangi lile dirisha la uongo." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilichangamka kidogo, kwa uchungu. "Unalijua lile dirisha? Haliko. Ni tofali tupu limechorwa vioo, ili mbele pawe na madirisha sawasawa kulia na kushoto. Mzee ametoka kuanguka bafuni, anapanda ngazi kwa ajili ya dirisha lisilofunguka. Nikajisemea, huyu hajabadilika hata chembe, kwake ni sura ya nyumba kwanza, watu baadaye. Nikageuza nikarudi zangu."

Dack alicheka puani. "Mzee yuko mnadani Jumanne, wewe unamwona juu ya ngazi. Macho yako yana darubini, kaka."

"Sijui habari za mnada. Nilimwona."

Catchpole alisimama, akachukua koti lake. "Sajenti, toa gari. Bwana Larter, tunakwenda Holm sote. Utanionyesha."

"Sitaki kuiona nyumba ile."

"Najua," alisema Catchpole, na alimaanisha. "Twende."

*

Nyumba ya Holm ilijengwa na mtu aliyependa kuonekana. Mbele, upande unaotazama barabara, matofali mekundu yalipangwa kitajiri, moja refu moja fupi, moja refu moja fupi, mstari hadi mstari, na chokaa katikati yake nyembamba kama uzi. Ukizunguka nyuma unakuta mawe ya shambani, vipande vya matofali yaliyoungua tanurini, na viraka vya kila karne. Dack alisema nyumba hiyo imevaa suti mbele na kaptula nyuma. Hakucheka mtu.

Catchpole alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la uongo la orofa ya chini, refu kuliko mtu, akaweka kidole kwenye fremu iliyochorwa. Rangi ya mafuta katika baridi ya Novemba haina haraka ya kukauka. Kidole kilitoka na weupe.

"Mbichi," alimwambia Dack.

"Labda alipaka siku nyingine, afande."

"Labda. Tutamuuliza Thelma."

Thelma Larter alikuwa mlangoni pa jikoni, aproni kiunoni, macho yamevimba. Alimpita kaka yake kwa macho kana kwamba ni mkokoteni.

"Mmemleta kufanya nini? Achague cha kubeba?"

"Bi Larter," alisema Catchpole, "Jumanne ya wiki ile mlikwenda mnadani?"

"Nilishasema. Jumanne twaenda mnadani. Tangu nazaliwa."

"Siulizi desturi. Nauliza Jumanne ile. Baba yako alikwenda?"

Thelma alianza kuhesabu siku kwa vidole. "Aah. Ile... alisema mgongo unamsumbua. Nilikwenda peke yangu. Kuna tofauti gani?"

"Na uliporudi?"

"Nilimkuta amekaa jikoni ana rangi masikioni. Nikamfokea. Mgonjwa wa mgongo gani anapanda ngazi? Akaniambia nipike, nisimhutubie."

Dack alijikuna shingo. Catchpole alimsikia akihema, maana kiungo kimoja cha mnyororo wake wa ushahidi kilikuwa kimekatika. Kama mzee alishinda nyumbani Jumanne nzima, Russell hangeweza kuingia akakata nondo kwa msumeno, kazi ya saa nzima yenye kelele za kuamsha kijiji.

"Hiyo ni Jumanne tu, afande," alinong'ona Dack walipokuwa wakiingia. "Siku ziko nyingi. Na amekiri."

"Amekiri nini?"

"Amekiri... amekiri."

"Ndiyo hivyo," alisema Catchpole.

Ngazi zilikuwa za mbao nyeusi, zimeng'arishwa kwa nta mpaka viatu vikawa vinateleza. Mhandisi alikuwa ameegemeza boriti kwa nguzo na kutamka kwamba sakafu ni salama. Chumba cha juu cha kaskazini ndicho kilichokuwa cha Russell alipokuwa mtoto, na Thelma alieleza kwamba tangu kaka yake aondoke, mzee alikifunga kwa ufunguo akautundika shingoni, hakumruhusu mtu hata afute vumbi. Sasa mlango ulikuwa wazi. Palipokuwa na ukuta pametandikwa turubai kubwa la kijani, likipumua kwa upepo, na mwanga uliopenya humo ulikuwa hafifu.

Catchpole aliingia kwanza akajibanza upande wa kushoto. Dack akajibanza kulia. Russell alisita kizingitini, akaangalia turubai, akaangalia chini haraka.

"Kitanda chako kilikuwa wapi?" aliuliza Catchpole.

"Kule ng'ambo, chini ya dirisha dogo. Nilikuwa nikilala miguu imetokeza nje, kitanda kilikuwa cha..."

Alikuwa akitembea huku akisema. Katikati ya chumba, bila kukata maneno, alikunja shingo, akapinda mgongo, akapita chini ya kitu kisichokuwepo, akanyooka upande wa pili na kumalizia sentensi yake: "...cha mtoto, na mzee alisema kununua kingine ni anasa."

Dack alibaki ameachama.

Catchpole hakubadilisha sauti. "Rudi mlangoni mara moja, tafadhali. Nataka nione unavyokanyaga."

Russell alirudi. Pale pale katikati, akainama, akapita, akainuka. Ndipo alipowaona wanavyomtazama.

"Nini?"

Aligeuka. Aliinua mkono taratibu, akapapasa hewa mbele ya paji la uso wake, kushoto, kisha kulia, kama kipofu anayetafuta kitasa.

"Kiko wapi?" aliuliza. "Chuma kiko wapi?"

*

Walimkalisha ngazini na Thelma akapelekwa jikoni. Dack alimvuta mkubwa wake karibu na dohani.

"Anaweza kuwa anaigiza, afande. Mtu mjanja huyu."

"Mwigizaji angeinama kwa kishindo, ili tumwone. Huyu alikuwa analalamikia kitanda. Ile shingo inakumbuka yenyewe, Dack. Lile kovu la nyusi amelipatia hapa. Kama angekikata chuma kile kwa mikono yake, shingo yake ingekuwa imeshaambiwa."

"Mahakamani utasema hivyo? Shingo imeambiwa?"

"Hapana. Mahakamani ningesema hiki." Akainua tochi.

Kwenye matofali ya dohani, juu kidogo ya kichwa cha Dack, kilibaki kisiki cha nondo, kirefu kama kiganja. Catchpole alikiona tangu siku ya kwanza. Alikipima, akakipigia picha, akaagiza kiguswe kwa uangalifu, ila hakukitazama kwa makini. Sasa alikitazama, akajionea aibu. Ncha yake haikuachwa na makali ya msumeno. Ilikuwa imepigwa tupa kuzunguka pande zote mpaka ikawa laini kama kitasa cha kabati, kisha ikavishwa kipande cha ngozi ya hatamu, kikashonwa kwa uzi uliotiwa nta.

"Niambie, Sajenti. Unataka kumwangushia mtu ukuta. Umekata chuma, unaogopa kufumaniwa. Unakaa unapiga tupa kisiki, unashona na kofia yake?"

Dack alikigusa kwa kidole kimoja. Akaufuata ule mshono mpaka mwisho.

"Mtu anafanya hivi asije mwingine akaumia kichwa," alisema hatimaye.

"Mtu mrefu."

"Mtu mrefu," alikubali Dack, na uso ukamshuka.

Catchpole aligeuza tochi kwenye pembe ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa kwake ni pembe tu yenye vumbi la kifusi. Chini ya vumbi sakafu ilikuwa imepigwa nta, kama zile ngazi. Kitanda kilichofunikwa turubai dogo hakikuwa cha mtoto. Alikifunua. Kilikuwa kipya, mbao za mwaloni bado zanukia, kirefu kiasi kwamba kilikaribia kugusa ukuta wa pili, na blanketi lililokunjwa juu yake lilikuwa na karatasi ya duka mpaka sasa.

Alishuka jikoni. Thelma alikuwa akimenya viazi ambavyo hakuna mtu wa kuvila.

"Bi Larter, baba yako alikuwa na tupa?"

"Aliniagiza moja. Na nyembe za msumeno." Kisu hakikusimama. "Mwezi uliopita. Nikamuuliza za nini, akasema za geti, bawaba zinakwaruza. Na geti lenyewe bado linalia, hakuligusa. Alikuwa akipotelea ghalani, akirudi ananiambia nisimuulize maswali kama polisi." Aliinua macho. "Kwani nini?"

"Na kitanda cha juu?"

"Kitanda kipi?"

"Kipya."

"Fundi Gotts alileta mbao nikiwa kanisani, baba akasema ni chake, mgongo wake unataka kitanda kigumu. Nikisikia msumeno juu, nikajua yuko chumbani kwake anakiunga..." Kisu kilisimama. "Kitanda kiko chumbani kwa Russ?"

Catchpole alivuta kiti akaketi. Kuna mambo hayasemwi umesimama.

"Kile chuma kilichokatiza chumba. Baba yako alikionaje?"

"Kile cha mwaka? Majivuno tu. Alikuwa akisema Larter wa kwanza alikuwa mtu wa kujionyesha: dirisha la uongo, suti ya matofali mbele, na juu ya ukuta akaandika mwaka kwa chuma ili majirani wasome. Hata kule kwa jirani zetu akina Mindham walipokarabati ghala lao walipachika misalaba ya chuma ukutani, ukiangalia ndani hakuna kitu, ni pambo. Baba alikwenda kuona mwenyewe. Akarudi anacheka, akasema yetu na yao ni baba mmoja mama mmoja." Alikuwa akisema haraka sasa, kama anayetaka kufika kabla ya jambo fulani. "Nyumba yetu kila kitu ni maonyesho. Hata mimi nilimwambia, kile chuma hakina kazi. Nilimwambia mwenyewe, tumekaa hapa hapa."

Catchpole aliiweka tochi mezani.

"Kilikuwa na kazi," alisema Thelma.

"Ndicho kilichokuwa kimeushika ukuta."

Viazi vilibaki mezani. Thelma alikwenda hadi mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili, akatazama kule kwenye kona ya nyumba ambako kifusi chekundu kilikuwa bado kimetapakaa.

"Kwa nini alisimama pale?" aliuliza Catchpole kwa upole. "Upepo mkali vile."

"Ndipo panapoonekana barabara. Tangu Russ aondoke husimama pale. Ukimuuliza anasema anaangalia mawingu." Akajifuta pua kwa aproni. "Neno la kwanza, inspekta. Miaka tisa, mtoto kasimama hapa hapa mlangoni, na yeye anamwambia nini? Futa miguu. Sio karibu, sio habari yako. Futa miguu. Russ akageuka mwekundu, wakaanza. Nyama imo ovenini inakauka. Nilimlaani baba moyoni."

"Ngazi zilipigwa nta siku gani?"

"Jumamosi. Alipiga mwenyewe, kwa magoti..." Thelma aligeuka polepole. "Alikuwa anataka kumpeleka juu."

*

Russell alikuwa amekaa pale pale ngazini, Dack karibu naye, biskuti moja ikiwa katikati yao bila mtu wa kuila. Catchpole aliketi ngazi ya chini yao.

"Ulisema uliuangusha ukuta. Nataka uniambie ulivyouangusha. Sasa."

"Mlango," alisema Russell. "Nilipoondoka niliupiga mlango kwa nguvu zangu zote, vyombo vikalia kabatini. Nilipokuwa mtoto, kila nilipopiga mlango alikuwa anapiga kelele kutoka popote alipo: utaiangusha nyumba, wewe. Kila siku. Utaiangusha nyumba. Nimefika kwangu, Thelma anapiga simu ananiambia ukuta umeanguka." Akafungua kiganja alichopigia mlango. "Nimeiangusha nyumba."

Dack alijishughulisha na kamba za viatu vyake.

"Mlango hauangushi ukuta, Bwana Larter. Mhandisi atakuapia."

"Hauangushi?"

"Hata ungeupiga mchana kutwa."

Mabega ya yule mtu mrefu yalishuka, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa kijana kabisa. Catchpole aliitazama ile faraja akatamani iishie hapo. Angeweza kusema upepo. Upepo ulivuma kweli. Lakini shauri lingefika kwa mchunguzi wa vifo, lingesomwa mbele ya watu, na huyu angelisikia akiwa kwenye benchi katikati ya wageni.

"Sasa nini kimeuangusha?" aliuliza Russell.

Aliyejibu ni Thelma. Alikuwa amesimama mwisho wa ngazi, mikono imelowa maji ya viazi.

"Alikikata kile chuma, Russ. Baba. Ili usijigonge."

"Nani kakuambia?"

"Kuna kitanda kule juu kirefu kama wewe. Kapiga nta sakafu. Kakipiga tupa kisiki na kukivisha ngozi. Mimi nilimnunulia tupa." Akaifuta mikono kwenye aproni. "Na mimi nilimwambia chuma hakina kazi, ni pambo. Halafu nikawaambia hawa ni wewe. Nilikutaja kabla hawajamaliza kuuliza."

Nje turubai lilipiga pa, likatulia.

"Alikuwa akiniuliza kila asubuhi nikishuka kunywa chai," alisema Russell. "Umekisalimu chuma leo? Nikiwa na nundu anacheka mpaka anakohoa. Nilidhani anapenda niumie."

"Alikuwa hajui kusema mambo, Russ."

"Aliniambia nifute miguu."

"Najua."

"Ningefuta, Thelma. Ilikuwa kazi gani kufuta miguu?"

Thelma alipanda, akakaa ngazi ya chini ya kaka yake, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. Catchpole akamfanyia Dack ishara, wakatoka nje.

Walisimama uani, mbali na kona. Kwenye nyasi, pembeni ya kifusi, wafanyakazi wa mhandisi walikuwa wamezipanga tarakimu za chuma kwa utaratibu wake, na ile nane ilikuwa bado na kipande kifupi cha nondo mgongoni.

"Tuseme nini kwa mkubwa?" aliuliza Dack.

"Ajali."

"Ndiko tulikoanzia."

"Ndiko tulikoanzia," alisema Catchpole. "Tungebaki pale, Dack, yule angebaki na mlango wake maisha yake yote. Sasa ana hiki. Sijui kipi ni kizito."

Dack alifikiri. Yeye aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu jana, akaenda kuwasha gari.

Catchpole alirudi ndani kumwambia Russell kwamba yuko huru, kwamba anaweza kuondoka au kubaki apendavyo. Thelma alikuwa jikoni peke yake, akainua kidole kuelekea juu. Catchpole alipanda kimya juu ya ile nta, akasimama kizingitini.

Russell alikuwa upande wa kitanda kipya, mgongo kwa turubai, akitazama upana mtupu wa chumba chake. Hakumwona. Alivuta pumzi, akainua kidevu, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, ameunyoosha mwili wake wote, mtu mrefu ndani ya chumba ambacho hatimaye kilimtosha. Alipofika katikati akasimama. Akajaribu tena, taratibu, mikono imekunjwa ngumi. Shingo ikamkataa. Akainama, akapita.